Unakamata Ila Haufungui

Kaa nusu siku Ihanda, Wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, karibu na barabara inayopeleka malori Tunduma, utasikia sentensi moja ikirudiwa na watu wa kila aina: mtandao unasumbua. Anaisema wakala wa fedha anayeshindwa kumtolea mteja pesa. Anaisema mwalimu ambaye kishikwambi chake kimegoma kupeleka taarifa za wanafunzi. Anaisema mkulima anayesubiri ujumbe wa malipo ya kahawa yake, na dereva aliyeegesha lori anayetaka kumwona mwanawe kwa video kabla mtoto hajalala. Wote wanne wamesema maneno yaleyale, na kila mmoja ana tatizo lake. Kwa wakala, mfumo wa kampuni umelala. Kwa mwalimu, waifai haifiki alipo. Simu ya mkulima haioni mnara. Dereva bando limemwishia na hajatazama.

Neno mtandao lenyewe halina kosa. Limetoka kwenye kutanda: wingu hutanda, giza hutanda, ukungu wa Mbozi hutanda asubuhi za baridi mpaka usione shamba la jirani. Kabla intaneti haijafika kwa watu wengi lilikwisha kupewa kazi ya heshima. Mwaka 1993 ulianzishwa Mtandao wa Jinsia Tanzania, unaojulikana zaidi kwa kifupi cha TGNP, na hapo mtandao ulikuwa watu na vikundi vilivyounganishwa na lengo moja. Aliyelichukua neno hilo akalipeleka kwenye kompyuta alichagua vizuri. Tulichokosea ni kulibebesha kila kitu. Leo mtandao ni kampuni ya simu (“wewe uko mtandao gani?”), ni mawimbi ya mnara, ni data, ni waifai, ni intaneti yenyewe, ni mfumo wa benki, na ukiongeza “wa kijamii” ni mahali pa kutazamia picha za harusi. Kiharibike chochote kati ya hivyo, lawama zinakwenda kwa mtandao. Kwa maongezi ya barazani hilo linatosha. Kwa ufundi halitoshi hata kidogo, kwa sababu kutafuta tatizo la simu ni kazi ya kutenga: hapa pazima, hapa pazima, hapa ndipo palipokatika.

Nimewahi kukaa kwenye benchi la fundi simu mmoja wa huko, kijana mwenye meza, kioo cha kukuzia na boksi la betri zilizokufa, nikamsikia akitenga kwa maneno matupu. Alikuja mwalimu, mama wa makamo, kishikwambi kikiwa ndani ya khanga.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu niangalizie hiki. Mtandao unasumbua.”

“Unasumbua vipi? Haukamati kabisa, au unakamata ila haufungui?”

Mwalimu akafikiri. “Unakamata. Tena unafungua. Sema haukai, unaachia.”

“Unaachia ukiwa wapi?”

“Ofisini unakaa. Darasani ndiko unaachia.”

Fundi hakukifungua kile kishikwambi. Alikuwa amekwisha kujua kwamba ni kizima, kwamba neno la siri ni sahihi, kwamba bando la shule lipo, na kwamba kilichobaki ni umbali, kuta za matofali ya kuchoma, na rauta iliyowekwa chini nyuma ya kabati la chuma. Akamwambia mwalimu aombe ipandishwe juu, karibu na dirisha linalotazama madarasa. Mazungumzo yote yalikuwa mafupi kuliko muda ambao kishikwambi kile hutumia kuwaka.

Vishikwambi vilienea shuleni kwetu baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022. Makarani walihesabu nchi nzima kwa kutumia vifaa hivyo, kisha serikali ikavigawa kwa walimu. Hata neno lenyewe lilipanda ngazi katika miezi ile. Kabla ya sensa lilikuwa neno la watangazaji na wahariri. Baada ya sensa likawa neno la mama anayeuza maandazi mbele ya shule. Sikio linasikia kushika ndani yake, nami nalipenda kwa hilo. Lakini kilichonishika siku ile hakikuwa kishikwambi. Vilinishika vitenzi: kukamata, kufungua, kukaa, kuachia. Havikuwahi kukaliwa kikao na kamati yoyote, na ndivyo vilivyomaliza kazi.

Hili ndilo jambo ninalotaka kulisema. Kwa muda mrefu tumedhani kwamba umaskini wa Kiswahili mbele ya teknolojia ni upungufu wa majina, tukatunga majina. Tumeyatunga mengi, na baadhi ni mazuri mno. Wakati huohuo, kwenye vibanda vya mafundi kuanzia Kariakoo hadi Tunduma, lugha ilikuwa inajijengea istilahi za kweli katika vitenzi, na kamusi hazijaziona.

Chukua kushika. “Hapa panashika?” Mtu anauliza huku ameinua simu. Tazama nani anashika katika sentensi hiyo. Haijatajwa simu, haukutajwa mnara. Kinachoshika ni mahali. Sarufi yetu ina ngeli tatu za mahali, na kila moja ni kipimo tofauti cha tatizo. Mtu wa Ihanda akisema “hapa hapashiki,” anazungumzia doa: sogea hatua kumi, panda kwenye kichuguu, toka nyuma ya lori, utapata. Akisema “huku hakushiki,” anazungumzia eneo: hata ukitembea nusu saa hutapata, mnara uko mbali, au kilima kimekaa katikati, au mnara umezimika. Akisema “humu hamshiki,” amekwisha kukwambia kwamba nje panashika na kosa liko kwenye nyumba.

Nyumba za kwetu zina makosa hayo kwa haki kabisa. Bati ni chuma, na chuma hurudisha mawimbi ya redio yalikotoka. Ukuta mnene wa tofali la kuchoma huyanyonya, na ukiwa umelowa mvua hunyonya zaidi. Waifai husafiri hasa katika masafa mawili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali zaidi. Yale ya 5 yana kasi kubwa lakini huchoka haraka. Ndiyo maana rauta ya kisasa inayotangaza majina mawili yanayofanana, moja likiwa na tarakimu 5 mwishoni, humchanganya mtu aliyekaa chumba cha tatu: anachagua lile la kasi, halafu anashangaa halikai. Mwambie “humu hamshiki hiyo ya tano, chukua ile nyingine,” amekuelewa. Masafa ya 2.4 nayo yana msongamano wake. Yamegawanywa katika njia nyembamba zinazoingiliana, na ni tatu tu kati yake, ya 1, ya 6 na ya 11, zinazoweza kutumika pamoja bila kugusana. Pale Tunduma, ambako gesti, duka na ofisi ya wakala wa forodha vimebanana ukuta kwa ukuta na kila mmoja ana rauta yake, waifai inaweza kushika vizuri kabisa na bado ikawa nzito kwa sababu majirani wote wanasemea njia moja.

Mnara wa simu una umbali wake pia. Katika teknolojia ya kizazi cha pili, simu iliyo zaidi ya kilomita 35 kutoka kwenye mnara wa kawaida haiwezi kuzungumza nao, hata kama hakuna kilima wala mti kati yao, kwa sababu ya namna mnara unavyopanga zamu za muda. Zipo pembe za Songwe, hasa unaposhuka kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, ambako “huku hakushiki” inasemwa kwa utulivu, kama mtu anavyotaja jina la mto. Kinyiha na Kinyamwanga, kama lugha nyingi za Kibantu, zina pa, ku na mu zake, kwa hiyo msemaji wa huko haonekani kufikiri anapochagua. Mjini nasikia vijana wakisema “hapa haishiki,” simu ikiwa ndiyo mtenda. Sentensi hiyo inaeleweka, ila imetupa nusu ya habari.

Kitenzi cha pili ni kusoma. “Inasoma E.” “Ilikuwa inasoma 4G, sasa inasoma H.” Herufi E juu ya kioo ni kizazi cha pili kilichoongezwa nguvu kidogo, H ni kizazi cha tatu, na watu ambao hawajawahi kuelezwa hivyo wanajua kwa uzoefu kwamba kwa E ujumbe utakwenda na picha haitakwenda. Kusoma hapa kuna usahihi ambao tafsiri rasmi hazina. Simu haina mnara. Inasoma tu kile mnara unachotangaza, na inaweza kusoma vizuri lakini isihudumiwe, kwa mfano jioni ambapo kila mtu amerudi nyumbani na kuwasha data kwa pamoja. Simu inayorukaruka kati ya 4G na E hupoteza nguvu kila inaporuka, na mara nyingi dawa ni kuingia kwenye mipangilio na kuifunga isome 3G peke yake. Inakuwa na kasi ndogo kuliko 4G, lakini inatulia.

Mpakani kusoma kunageuka kuwa jambo la nchi. Simu yako ikisogea karibu na Nakonde inaweza kusoma mnara wa Zambia, na kuna ishara moja inayowajulisha watu wa Tunduma hata kabla hawajaona jina la kampuni: saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu iliyoruhusiwa kujipangia saa yenyewe, ikishikwa na mnara wa upande wa pili, inaweza kukurudisha kutoka saa tatu asubuhi hadi saa mbili, wewe ukiwa umesimama palepale. Kuna watu, kwa kuogopa salio kuliwa na gharama za nje, wanaingia kwenye mipangilio na kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiacha simu ichague. Ni tahadhari nzuri. Lakini aliyebonyeza jina lisilo lake, kisha akapanda basi kurudi Ihanda, simu yake itaendelea kuutafuta mnara alioukariri, itaukosa, na itaandika kwamba hakuna huduma mahali ambapo jirani yake anapiga simu bila shida. Atasema mtandao unasumbua. Fundi mzuri atamuuliza: “Juzi ulikwenda Tunduma?”

Kisha kuna kuunga, na hapa lugha inatupa mtego. Bando tunajiunga. Waifai tunaunga. Marafiki wanatuunga kwenye kundi. Mwenye simu anaposema “nimeunga lakini wapi,” hujui kama ametuma pesa kwa kampuni au ameandika neno la siri la rauta ya shule. Nadhani fundi anayesisitiza kujiunga kwa bando na kuunganisha kwa waifai anafanya kazi ya mwalimu wa lugha bila mshahara wake.

Neno lenyewe la waifai lina tabu yake ya tahajia, kwa sababu ukiliandika jinsi linavyoandikwa kwenye boksi la rauta, Mswahili anasoma wifi, dada wa mume au mke wa kaka. Wala kiambishi cha umiliki hakisaidii, maana ndugu pia husemwa “wifi yangu.” Kinachotenganisha ni kitenzi peke yake: wifi yangu amekata, wifi yangu imekata. Wa kwanza amekata simu baada ya maongezi, ya pili imeacha kufanya kazi. Mimi naandika waifai na ningependa magazeti yote yaandike hivyo. Jina la asili halipotezi chochote kwa kuandikwa kwa sauti zetu, kwa sababu halikuwa na maana tangu mwanzo: lilibuniwa mwaka 1999 na kampuni ya kutunga majina ya biashara, likachaguliwa kwa kuwa linatamkika vizuri, na maelezo kwamba ni kifupi cha maneno fulani ya Kiingereza yalikuja baadaye.

Waifai ikishaungwa, kuna hatua moja ambayo haionekani na ambayo huua miunganisho mingi. Simu huiomba rauta namba ya kutumia, anwani. Rauta hugawa namba hizo kama mapokezi ya gesti ya Tunduma yanavyogawa funguo usiku wa malori mengi: funguo zikiisha, mgeni anabaki amesimama ukumbini hata kama mlango wa mbele ulifunguliwa kwa heshima. Shule yenye rauta ndogo na vishikwambi vingi itakutana na hali hiyo. Kioo kitaandika kwamba kinatafuta anwani, kitatafuta, kitachoka. Ukiingia kwenye maelezo ya muunganisho ukakuta namba inayoanza na 169.254, jua simu imejipa namba yenyewe baada ya kunyimwa. Hapo dawa si kubadilisha neno la siri. Iambie simu iusahau mtandao huo na uunganishe upya, au zima rauta, hesabu pole pole mpaka thelathini, iwashe, igawe namba upya.

Sasa kufungua, kitenzi ninachokiheshimu kuliko vyote. “Unakamata ila haufungui” ni sentensi kamili ya uchunguzi. Inasema: njia kutoka mkononi mwangu hadi kwenye rauta au mnara ni nzima, kilichokatika kiko mbele ya hapo. Simu nyingi huandika kwamba imeunganishwa lakini hakuna intaneti, na ni kweli, ila kwa maneno makavu yasiyokuambia uende wapi. Fundi anaposikia haufungui huwa na maswali yake tayari. Haufungui kitu chochote, au ni programu moja tu? Ikiwa ni moja, tatizo liko kwa mwenye programu, na hakuna haja ya kuigusa simu. Simu ya jirani kwenye rauta hiyohiyo inafungua? Ikiwa inafungua, tatizo ni la simu yako: labda VPN imesahaulika imewashwa, labda kiokoa betri kinaizuia programu kutumia data chinichini. Ikiwa zote hazifungui, tazama bando la rauta kabla ya kumpigia mtu.

Na tazama tarehe. Hili watu hawaliamini mpaka walione. Simu iliyokaa kabatini betri ikafa, ikaamka ikidhani ni mwaka mwingine, itakataliwa na karibu kila tovuti salama, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na simu inaviona vyote kuwa batili. Mawimbi yapo, bando lipo, rauta nzima, haufungui. Rekebisha tarehe, unafungua papo hapo.

Wakati mwingine kisichofungua kiko mbali kuliko mtu wa Ihanda anavyoweza kufikiri. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, Watanzania wengi waliamka simu zikiwa na vijiti vyote vya mnara, waifai ikiwa imeunganishwa, na hakuna kinachofungua. Watu walizima na kuwasha, wakatoa laini na kuzipangusa, wakanunua bando juu ya bando. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikuwa zimepata hitilafu kusini, kwenye njia ya kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania iliungwa na waya wa Seacom mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano huusambaza uwezo huo ndani ya nchi hadi mipakani, Tunduma ikiwemo. Siku ile, mtu aliyesema “unakamata ila haufungui, na hata wa jirani haufungui, na hata wa kampuni nyingine haufungui” alikuwa amelieleza tatizo sawasawa na mhandisi, bila kuona ramani ya bahari. Aliyesema mtandao unasumbua alinunua bando asilolihitaji. Hasara ya neno legevu hutoka mfukoni.

Kuzunguka sitakukalia sana. Kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo kimetupa “inazunguka tu,” na maana yake ni kwamba ombi limetoka na jibu halijarudi. Ni tofauti na haufungui, ambapo jibu limerudi kwamba haiwezekani. Anayezungukiwa asubiri au asogee. Aliyekataliwa atafute sababu.

Kamati zilifanya kazi kubwa, nami si mtu wa kuzidharau. Mwezi Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa makosa, na ili kufika hapo ilibidi watu wakae na orodha ndefu ya maneno. Microsoft nayo ikaja na Kiswahili chake, kisha watengenezaji wa simu. Tukapata faili, folda, kipanya, kivinjari, pakua, pakia, mipangilio. Tukapata “hali ya ndegeni,” ambayo mafundi wamekwisha kuikata kuwa “weka ndege, toa ndege,” tiba ya kwanza na ya bei nafuu kuliko zote, kwa sababu inailazimisha simu kuachana na mnara na kujiandikisha upya. Tukapata pia mtandaopepe, kwa ile huduma ya simu moja kugawia nyingine data.

Mtandaopepe nalihesabu kati ya matunda mazuri ya utungaji. Pepe ilikwisha kuzoeleka katika barua pepe, ikiwa na harufu ya upepo, ya kitu kinachosafiri bila kubebwa. Lakini wakulima wanalo neno pepe jingine, la zamani zaidi: punje isiyo na kitu ndani, ganda tupu linalopaa wakati wa kupepeta. Wanaolima mpunga Kamsamba wanaijua vizuri. Simu ya rafiki inakugawia mtandaopepe, unaunganishwa, vijiti vimejaa, kumbe bando lake liliisha asubuhi. Umepata pepe kwa maana zote mbili. Katika kusikiliza kwangu sijakuta mtu aliyeitumia hivyo kwa makusudi, na ningefurahi siku fundi mmoja akimwambia mteja: “Hiyo waifai ni pepe, ganda lipo, punje hakuna.” Ingekuwa istilahi halali, na mkulima angeielewa kabla sentensi haijaisha.

Tena upepo haukuanza na barua pepe. Kabla ya minara, vituo vya polisi, hospitali za misheni na mapori ya akiba yalikuwa na simu ya upepo, redio ya kuitana iliyokaa mezani na antena juu ya mti. Wazee wa Songwe wanaikumbuka kwa jina hilo. Na ukichimba neno simu lenyewe unakuta Kiajemi, sim, fedha na pia waya. Simu ni waya. Kwa hiyo bibi aliyesema simu ya upepo alisema, bila kujua, waya wa upepo, na alieleweka na kila mtu. Ndiyo maana “mtandao usiotumia waya” hunichosha masikioni. Ni maelezo ya kitu kwa kile ambacho hakina, wakati lugha ilikwisha kukitaja kwa kile kinachokibeba.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, na ninayaomba kwa dhati. La kwanza ni kwa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na kwa wenzetu wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mnapotayarisha orodha mpya ya istilahi za mawasiliano, msianze na orodha ya majina ya Kiingereza mkitafuta yanayolingana. Tumeni mtu akae kwenye benchi la fundi simu Tunduma, Mlowo, Kahama, Tandahimba, na aandike vitenzi. Kushika kiingizwe kamusini na maana yake hii, pamoja na ngeli zake tatu za mahali. Kusoma kiingizwe. Kukaa, kuachia, kufungua, kuzunguka viingizwe, kila kimoja na mpaka wake, ili kitabu cha mwanafunzi wa chuo cha ufundi kiweze kuandika “tatizo la kutofungua” kikaeleweka sawasawa nchi nzima.

La pili ni kwa kampuni za simu. Mteja anapowapigia, sauti iliyorekodiwa humtaka abonyeze namba kwa ajili ya matatizo ya mtandao, kana kwamba ni tatizo moja. Mwulizeni kama fundi wa Ihanda alivyomuuliza mwalimu: haukamati, haukai, au haufungui? Mtampunguzia kusubiri, na mtajipunguzia simu za kujibu.

Nawe msomaji, hasa wa Mbozi, Momba na Tunduma, ukisikia kitenzi kingine cha simu kwenye mnada, kituo cha basi au chumba cha walimu, kiandike pamoja na sentensi yake nzima na jina la mahali ulipokisikia, ukitume BAKITA. Wanapokea maneno kutoka kwa wananchi.